Mfupa uliogoma kuunga: tathmini ya upandikizaji wa mfupa wenye mshipa wake wa damu

Upasuaji huu unastahili sifa kubwa kwa tatizo moja, nalo ni mfupa uliokosa damu. Mfupa uliogoma kuunga kwa sababu nyingine hauuhitaji, na mgonjwa anayebebeshwa upasuaji huu bila sababu hulipa kwa miguu miwili: ule uliovunjika na ule uliotoa mfupa. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na nani anaufaa, kabla ya kufika kwenye hadubini na nyuzi.

Kwanza tofauti yake na upandikizaji wa kawaida. Katika ule wa kawaida, daktari huchota mfupa laini, mara nyingi kwenye ukingo wa nyonga, na kuushindilia penye pengo. Mfupa huo umeshatengwa na damu yake, kwa hiyo seli zake nyingi hufa. Kinachobaki ni jukwaa ambalo mwili hulibomoa taratibu na kujenga mfupa mpya mahali pake, na ujenzi huo hutegemea mishipa midogo inayoingia kutoka kwenye nyama na mifupa ya jirani. Pengo likiwa fupi na majirani wakiwa na afya, njia hii inatosha kabisa na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini majirani wakiwa ni makovu matupu, au mfupa uliopigwa mionzi ya saratani, au shimo lililokaa na usaha kwa miaka, hakuna wa kuleta damu. Jukwaa linabaki jukwaa, na baada ya miezi kadhaa linayeyuka.

Kipandikizi chenye mshipa huhamishwa pamoja na ateri yake inayoleta damu na vena zake zinazoirudisha, kama mche unaong'olewa na udongo wake. Mishipa ikiunganishwa upya, seli huendelea kuishi, na ncha za kipandikizi huunga na mfupa wa mwenyeji kwa namna ileile ambayo mvunjiko wa kawaida huunga. Wazo hili lina umri mrefu. Mwaka 1905 mpasuaji Huntington alihamisha fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, ya mguu uleule kuziba pengo la muundi. Mwaka 1975 Ian Taylor na wenzake wa Melbourne, Australia, walichapisha taarifa ya fibula iliyotolewa mguu mmoja na kuunganishwa mishipa yake kwenye mguu wa pili kwa kutumia hadubini. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyoufanya mfupa uweze kusafiri popote mwilini.

Nani anaufaa

Kigezo kinachotumika sana cha mfupa uliogoma ni miezi 9 tangu kuvunjika, huku miezi 3 ya mwisho ikipita bila maendeleo yoyote kwenye eksirei. Kigezo hiki kina mipaka yake: pengo la sentimita 8 halihitaji kusubiriwa miezi tisa ili ijulikane kwamba halitajiziba.

Muhimu zaidi ni sura ya ncha za mfupa kwenye picha. Ncha zilizonenepa na kutanuka zinaonyesha kwamba damu ipo na mfupa unajitahidi kuunga, ila unachezacheza. Mgonjwa huyu anahitaji kukazwa, kwa msumari mnene zaidi wa ndani ya mfupa au kwa pleti nzuri, na mara nyingi hahitaji kupandikizwa chochote. Kumpeleka kwenye upasuaji wa saa nane wa kuunganisha mishipa ni kushindwa kusoma picha. Ncha zilizokonda, zilizochongoka, zisizo na dalili ya mfupa mpya, hizo ndizo zinazouliza swali la damu.

Hata hapo kuna mambo ya kukagua kabla ya kisu: kiwango cha vitamini D, sukari ya damu, tezi ya shingo, lishe, na matumizi ya muda mrefu ya steroidi. Sigara ina aya yake hapo chini kwa sababu inaua vipandikizi vizuri kila mwaka.

Baada ya ukaguzi huo, hali ambazo sisi tunaziona zinastahili kweli ni hizi: pengo linalozidi takriban sentimita 6, eneo lenye makovu mazito au lililopigwa mionzi, mfupa ambao upandikizaji wa kawaida uliofanywa vizuri umeshindwa, kipande cha mfupa kilichokufa, hasa kwenye skafoidi (kifupa cha kifundo cha mkono), na muundi wa mtoto uliozaliwa na kasoro ya kuvunjika bila kuunga, kasoro inayoandamana mara nyingi na neurofibromatosisi aina ya 1, ugonjwa wa kijenetiki unaootesha uvimbe kwenye neva.

Usaha hushughulikiwa kwanza. Antibiotiki husimamishwa kama wiki 2 kabla ya kuchukua sampuli, hali ya mgonjwa ikiruhusu, kisha huchukuliwa sampuli 5 au zaidi kutoka sehemu tofauti, kila moja kwa kifaa safi. Mfupa mfu hukatwa hadi vidoa vya damu vionekane kwenye uso uliokatwa. Shimo hujazwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, kwa kawaida gentamisini au vankomisini, na mgonjwa hupewa dawa kwa wiki 6 hivi kulingana na kijidudu kilichoota maabara. Wapo wanaomaliza yote kwa mkupuo mmoja. Sisi tunapendelea hatua mbili, kwa kuwa kipandikizi kilichowekwa juu ya mfupa mfu uliosahaulika hugeuka makao mapya ya usaha.

Fibula, farasi wa kazi nzito

Kwa pengo refu hakuna kinachoishinda. Mtu mzima anaweza kutoa hadi sentimita 25 hivi za mfupa ulionyooka na wenye gamba gumu. Damu yake hutoka ateri ya peronea, inayoingia kwenye uboho karibu na katikati ya mfupa na kutoa matawi mengi yanayozunguka utando wake wa nje. Kwa sababu ya matawi hayo, fibula inaweza kukatwa katikati na kukunjwa iwe mapipa mawili sambamba juu ya mshipa mmoja. Hilo linafaa kwa mfupa wa paja, ambao fibula moja ni nyembamba mno kuubebea mzigo.

Kabla ya yote, mishipa ya miguu yote miwili ipigwe picha ya CT yenye dawa ya mishipa. Kuna watu wachache ambao ateri ya peronea ndiyo inayolisha mguu hadi unyayoni, kwa sababu zile nyingine mbili ni dhaifu au hazipo. Ukiichukua kwa mtu huyo, unyayo uko hatarini. Picha hiyo pia inaonyesha mshipa gani kwenye mguu uliovunjika bado unaaminika kupokea kipandikizi.

Katika kuivuna, mpasuaji hupita upande wa nje wa mguu, kati ya misuli ya peronea na msuli wa soleasi, na huacha tabaka la msuli la milimita 1 hadi 2 juu ya mfupa. Anayekwangua mfupa ukawa mweupe ameng'oa utando unaoulisha. Chini zibakie sentimita 6 hadi 8 ili kifundo cha mguu kisilegee. Juu zibakie angalau sentimita 4 hadi 6, ambako neva inayonyanyua unyayo hupita ikizunguka shingo ya fibula. Mkanda wa kubana damu ukifunguliwa, kipandikizi huachwa kwanza kwenye mshipa wake kwa dakika 15 hadi 20 kipate damu na kionyeshe kwamba kinavuja kila upande. Ndipo mshipa hukatwa.

Kuna hesabu mbili ambazo husahaulika. Ya kwanza: kila ncha ya fibula huingizwa sentimita 1 hadi 2 ndani ya mfupa wa mwenyeji, kwa hiyo pengo la sentimita 10 linadai mfupa wa sentimita 12 hadi 14. Ya pili: mshipa wa peronea ni mfupi. Mpasuaji mzoefu huvuna mfupa mrefu kuliko anaouhitaji, akaubandua utando kwenye sehemu ya juu, akatupa mfupa wa hapo na kubaki na mshipa mrefu zaidi. Asiyefanya hivyo hujikuta anavuta mishipa kwa nguvu, na mshipa uliovutwa huziba.

Mfupa hufungwa kwanza, mishipa baadaye. Ukigeuza utaratibu, kila msukumo wa mfupa unatishia kupasua mshono uliokwisha shonwa. Skrubu ziwe chache, moja au mbili kila ncha, na zikae mbali na upande wa mshipa. Kazi kubwa ya kushikilia ifanywe na pleti ndefu inayovuka pengo lote au na fremu ya nje. Mfupa laini kidogo kutoka nyonga huzungushiwa kwenye maungio yote mawili, kwa sababu tatizo linalojirudia ni ncha moja kuunga na ya pili kusuasua.

Kwa maoni yetu fibula inang'aa zaidi kwenye mkono kuliko mguuni. Unene wake unakaribiana na wa radio na alna, mifupa miwili ya kigasha, na mkono haubebi uzito wa mwili. Kwenye muundi na paja inabidi inenepe kwanza, jambo linaloweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili, na linatokea tu ikiwa inabebeshwa mzigo kidogokidogo.

Mguu uliotoa mfupa nao una madai yake. Kidole gumba cha mguu kinaweza kujikunja na kugoma kunyooka, kwa kuwa msuli unaokikunja hushikamana na fibula. Mazoezi ya kukinyoosha yaanze siku za mwanzo, bila kungoja kipindi cha mazoezi ya kutembea. Ganzi na maumivu ya kifundo huwapata baadhi. Kwa mtoto ambaye bado anakua, kifundo huweza kupinda kuelekea nje, na kwa hiyo kipande cha fibula kilichobaki chini huungwa na muundi kwa skrubu. Hospitali isiyolizungumzia hili kwa mzazi haijamweleza upasuaji wote.

Kipande cha goti na kile cha kifundo cha mkono

Skafoidi ni kifupa kidogo chini ya kidole gumba cha mkono, na damu yake nyingi huingilia upande wa mbali na kurudi nyuma. Kikivunjika kiunoni au karibu na ncha ya ndani, kipande cha ndani hubaki bila mlishaji. Hapa ndipo ushindani wa vipandikizi vidogo ulipo.

Cha kwanza ni kile cha mgongoni mwa radio, kilichoelezwa na Zaidemberg mwaka 1991. Mshipa wake haukatwi. Kipande kinazungushwa kutoka jirani, na hivyo hakuna kushona mishipa wala kuamka usiku kukagua. Ni upasuaji mfupi na wa heshima kwa skafoidi iliyobaki na umbo lake. Udhaifu wake ni udogo na ulaini. Skafoidi ikiwa imejikunja na kuota nundu, kipande hiki hakina nguvu ya kuinyoosha, na mshipa wake mfupi hujipinda kirahisi ukilazimishwa kufika upande wa kiganja.

Cha pili hutoka upande wa ndani wa goti, kwenye kondili ya ndani, yaani kichwa cha mviringo mwishoni mwa mfupa wa paja penye goti, kwa ateri ya genikula inayoshuka. Sakai na wenzake walikieleza mwaka 1991 kama tabaka jembamba la gamba na utando wake. Doi na wenzake wakakipeleka kwenye skafoidi mwaka 2000. Kinaweza kuchongwa kuwa kabari ngumu inayonyoosha nundu na wakati huohuo kuleta damu. Mwaka 2008 Jones na wenzake walilinganisha hivi viwili kwenye skafoidi zilizojikunja na zenye kipande mfu: cha goti kiliunga kwa wagonjwa 12 kati ya 12, kwa wastani wa kati wa wiki 13, cha radio kwa 4 kati ya 10, wiki 19. Idadi hiyo ni ndogo na wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo haifungi mjadala. Hata hivyo inalingana na mantiki ya umbo, nasi kwa skafoidi iliyojikunja tunachagua goti bila kusita.

Tabaka jembamba la goti lina matumizi mengine ambayo tunaona hayajapewa nafasi yake: mtulinga, alna au mfupa wa juu wa mkono uliogoma kuunga bila kuwa na pengo. Linanyumbulika, kwa hiyo huzungushwa juu ya mvunjiko kama bandeji hai, na pleti hukaza upande wa pili. Mvunaji akae mbali na chanzo cha ligamenti ya ndani ya goti na mbali na gegedu. Ateri hiyo ikikosekana, kama inavyotokea kwa baadhi ya watu, huchukuliwa jirani yake, genikula ya juu ya ndani, ambayo ina mshipa mfupi zaidi. Goti huuma kwenye ngazi kwa wiki kadhaa na ganzi kidogo ya ngozi hubaki kwa baadhi.

Ukingo wa nyonga wenye mshipa wake hutoa mfupa mwingi mzuri, ila umejipinda na haufai sana kwa urefu unaozidi sentimita 10 hivi. Ngiri na ganzi ya paja ni malipo yake. Kwa mfupa mrefu tunauweka nafasi ya mwisho.

Mahali kazi inapoharibikia

Mara nyingi inayoziba ni vena kuliko ateri, na hatari kubwa ni siku 3 za mwanzo. Sababu zinajulikana: mshipa uliojikunja ngozi ilipofungwa, ngozi iliyovutwa kwa nguvu juu ya uvimbe, bonge la damu linalokandamiza, au mpasuaji kuunganisha kwenye mshipa ulio ndani ya eneo la ajali. Mshipa huo unaweza kuonekana mzima huku ukuta wake wa ndani umeumia. Dawa ni kwenda mbali zaidi hadi penye mshipa laini unaorusha damu kwa nguvu, hata ikibidi kuongeza kipande cha vena kama daraja. Kushona hufanywa kwa uzi mwembamba sana, wa namba 8-0 hadi 10-0.

Mfupa uliozikwa ndani hauonekani. Ndiyo maana fibula huchukuliwa na kipande cha ngozi kinacholishwa na mshipa uleule, kikaachwa nje kama dirisha. Muuguzi hukikagua kila saa kwa siku 1 hadi 2 za mwanzo. Kikipauka, kikawa cha baridi na kisitoe damu kikichomwa sindano, ateri imeziba. Kikiwa cha zambarau, kimevimba, rangi ikirudi haraka mno baada ya kubonyezwa na damu yake ikiwa nyeusi, tatizo ni vena. Hali zote mbili zinadai kurudi chumba cha upasuaji ndani ya saa chache. Kungoja asubuhi ni kukiacha kife. Kisichokuwa na ngozi hufuatiliwa kwa kichunguzi kidogo cha Doppler, kinachosikiliza mwendo wa damu, kilichofungwa kwenye vena, ambacho wakati mwingine hunyamaza hata damu ikiwa inapita. Picha ya nyuklia ya teknesia, dawa yenye mionzi inayoonyesha mfupa ulio hai, ina maana ndani ya wiki ya kwanza tu. Baadaye hata mfupa mfu unaweza kuwaka kwa sababu ya mfupa mpya unaoota juu yake.

Nikotini hubana mishipa midogo, iwe ya sigara, ya ugoro au ya bandiko. Iachwe angalau wiki 4 kabla, tunapendelea 6, na isirudiwe hadi mfupa uunge. Mpasuaji anayeahirisha kazi kwa sababu kipimo cha nikotini kimeonyesha chanya anastahili kushukuriwa.

Wapinzani wake

Njia ya Ilizarov hukata mfupa na, kwa fremu ya nje, kusogeza kipande chake kuelekea kwenye pengo milimita 1 kwa siku, kwa hatua nne za robo milimita. Haihitaji hadubini, hunyoosha mguu na kuurefusha kwa pamoja, na mfupa unaopatikana ni mnene kama wa asili. Gharama yake ni fremu kukaa mguuni miezi mingi, vidonda kwenye nyaya, na mara nyingi upasuaji mdogo pale ncha zinapokutana. Njia ya Masquelet huweka saruji kwa wiki 6 hadi 8 ili mwili uizungushie utando wenye damu, kisha saruji huondolewa na nafasi yake kujazwa mfupa laini. Ni nzuri ikiwa nyama inayozunguka ni hai, lakini pengo refu humaliza mfupa wa kuchota. Kwa muundi wa mtu mzima wenye nyama nzuri, tungemshauri ajaribu mojawapo ya hizi kwanza. Kwa mkono wenye pengo refu, kwa eneo lililopigwa mionzi na kwa skafoidi mfu, tunarudi kwenye mshipa.

Baada ya kushonwa

Maungio mengi huonekana yameunga kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Skafoidi ithibitishwe kwa CT. Eksirei ya kawaida hudanganya kwenye kifupa hicho. Mguuni, mgonjwa hutembea kwa magongo bila kukanyaga hadi ncha zote mbili zionyeshe daraja la mfupa, kisha hukanyaga kwa sehemu ya uzito ndani ya kishikizi, akiongezewa kila picha inaporidhisha. Wanaoharakisha huvunja fibula, wanaoogopa kukanyaga kabisa hawainenepeshi, na pleti ngumu mno ikiachwa muda mrefu huibebea fibula mzigo ambao ungeikuza. Kuvunjika kwa kipandikizi hutokea zaidi mwaka wa kwanza. Ikiwa kina damu na hakijahama, plasta na subira hutosha kwa wengi, na huunga kikiwa kinene kuliko awali.

Anayechagua hospitali aulize mambo machache yenye majibu ya moja kwa moja: kama kuna timu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, moja ikivuna na nyingine ikiandaa pengo; kama picha ya mishipa ya miguu itapigwa kabla; nani atakagua kipandikizi saa nane za usiku, na kwa dalili zipi; na kama mpasuaji wa mishipa na chumba vitapatikana usiku uleule damu ikiganda. Hospitali yenye hadubini nzuri lakini isiyo na jibu kwa hayo mawili ya mwisho hatuipendekezi kwa kazi hii.